Meno Yangu Yalipotangazwa Kwenye Spika

Nianze na aibu yenyewe, maana hata nikiificha mtaipata kwa watu wengine, na watu wengine huwa wanaongeza chumvi. Yule mzee wa Newala ambaye meno yake yalitangazwa kwenye spika asubuhi ya mbio ni mimi. Kuna wanaosema alikuwa mzee wa Tandahimba, kuna wanaosema ni kitu cha kutunga tu, lakini jamani hakuna cha Tandahimba wala cha kutunga, alikuwa Baba Tekla huyu huyu mnayemwona, kwa miguu yake miwili na kinywa kitupu, mbele ya umati. Mpaka leo nikipita sokoni vijana wa bodaboda wananisalimia, "Shikamoo babu, yapo?" nami nawajibu, "Marahaba, yapo," nawaonyesha, tunacheka, siku inaendelea.

Mimi ni dereva wa lori mstaafu. Ule mlima wa kutoka Masasi kupanda Newala nimeupanda zaidi ya nilivyopanda ngazi za kanisa, nyuma magunia ya korosho, mbele ukungu, pembeni korongo, na sikuwahi kuliangusha gari hata siku moja. Ajali yangu ilinipata gari limesimama. Tulikuwa tunabadilisha tairi, spana ya gurudumu ikachomoka kwenye nati, ikanipiga mdomoni, na meno yangu manne ya mbele, ya juu, nikayaacha pale pale kwenye kokoto. Nikatengenezewa ya bandia, yale ya kuvaa na kuvua, yamepangwa kwenye kipande cha ufizi wa rangi ya waridi, na aliyeyatengeneza alikuwa fundi kweli kweli, maana ukiniangalia hujui. Waliokuwa wanajua ni wanangu, ambao wote wanaishi mbali, na Saidi.

Saidi alikuwa utingo wangu miaka yote ile ya lori. Ni Myao wa Masasi, mtani wangu, rafiki yangu, mtu ambaye akikuona umekwama hakuachi hata iwe mvua ya mawe. Ila ana kasoro moja (nimemwambia mbele yake, simsengenyi): miaka mingi alisimama nyuma ya lori akipiga kelele "Rudi! Rudi! Kata kulia!" huku injini inanguruma, na tangu hapo sauti yake haikurudi tena kuwa sauti ya kawaida. Saidi hajui kunong'ona. Akikwambia siri barazani kwako, jirani wa tatu anajibu.

Sasa hizi mbio zilianzaje? Mama Tekla alipofariki, Mungu amrehemu, nilikaa nyumbani kama gari bovu, nakula, nalala, tumbo linaongezeka. Presha ikapanda. Daktari akaniambia nitembee asubuhi. Nikatembea, nikaona inachukua muda mrefu, nikaanza kukimbia kidogo ili niwahi kurudi kunywa chai, na hapo ndipo ugonjwa wa mbio ukaniingia. Siku za mwanzo watu hawakuelewa. Huku kwetu mzee mwenye mvi akionekana anakimbia alfajiri, maana yake kuna msiba au nyumba inaungua. Kuna asubuhi moja kina mama wawili waliacha ndoo zao foleni ya maji wakanifuata wakiuliza, "Baba Tekla, ni nani? Ni nani amefariki?" na mimi kwa vile nilikuwa nimekatika pumzi siwezi kujibu, wakaanza kulia.

Na kulikuwa na Mama Konso. Yeye ni mjane, ana mgahawa wake karibu na soko, chai ya tangawizi na mihogo ya kukaanga, na ana mdomo ambao ukikuchoma unacheka kwanza ndiyo unasikia maumivu. Kila nikimaliza kukimbia nilikuwa napita kwake (njia ya kurudi kwangu haipiti pale, lakini nilikuwa nimeilazimisha ipite). Siku moja akaniwekea kikombe mezani akasema, "Baba Tekla, mwanaume wa umri wako anayekimbia kila siku na hafiki popote, kuna kitu anatafuta. Wewe unatafuta nini?"

Dereva mzima, nikainamia kikombe changu kama mtoto wa komunio.

Basi likaja tangazo la mbio. Zilikuwa mbio za barabarani za hapa hapa Newala, za kuchangia tanki la kuvunia maji ya mvua kwenye shule, kila mtu anaruhusiwa, mkubwa kwa mdogo. Mnaanzia uwanjani, mnatoka mjini kwa barabara kubwa, mnazunguka pipa lililopakwa rangi nyekundu huko mbele, mnarudi kwa barabara ile ile. Nikajiandikisha. Nikamwambia Mama Konso, kwa ujasiri ambao mpaka leo sijui niliuazima wapi, kwamba siku hiyo nikimaliza mbio nina neno nataka kumwambia.

Akaniangalia. "Neno zito au jepesi?"

"Zito."

"Basi nitakuja na kaka yangu. Maneno mazito siyasikilizi peke yangu."

Kaka yake ni mwalimu mstaafu, anaishi Lupaso, mtu mkimya, mrefu, wa kuvaa koti hata jua likiwaka. Yeye ndiye mwenye kauli kwao. Kwa hiyo mnaelewa, kwangu zile hazikuwa mbio za tanki tu. Ulikuwa usaili.

Asubuhi ya siku yenyewe ilikuwa ile baridi ya kwetu ya msimu wa kupulizia mikorosho, ukungu umelala chini mpaka huoni paa la nyumba ya pili, harufu ya salfa imetanda. Nimevaa bukta yangu ya mtumba, fulana ya mbio, namba kifuani, najiona kijana. Saidi amenishikia koti. Tukaanza kuruka ruka pale kupasha mwili joto, na hapo ndipo nikasikia kitu. Ule ufizi wangu ulikuwa umeanza kulegea siku za karibuni, nikaupuuza, sasa kila nikihema kwa nguvu unacheza juu chini, tik, tik, tik, kama viatu vya kike kwenye sakafu ya benki. Nikahema kwa nguvu zaidi kujaribu, ukachomoka nusu, nikaudaka kwa ulimi.

Nikawaza haraka. Nikipiga chafya njiani je? Nikifika mwisho nahema mbele ya Mama Konso na kaka yake halafu meno yakaruka yakatua kwenye koti la mwalimu je? Nikageuka ukutani, nikayavua, nikayafunga kwenye leso, nikaitia leso mfukoni. Nilipanga nikikaribia kumaliza, pale kwenye kona ya mwisho, nayavaa, natokea uwanjani na tabasamu kamili. Huo ndio uamuzi wangu mdogo. Kila kilichofuata kilizaliwa hapo.

"Unafanya nini?" Saidi akauliza, na nadhani hata mgeni rasmi alisikia.

"Nyamaha," nikamwambia. (Nilikuwa nataka kusema nyamaza.)

Nikasahau kwamba mfuko wenyewe ndani ulikuwa wa wavu, na wavu ulikuwa na tundu. Nilikuwa nimeliona siku nyingi. Nilisema nitalishona.

Filimbi ikalia, tukaondoka. Jamani, kukimbia na watu ni kutamu. Nilikuwa katikati ya wale wa nyuma, kundi langu halisi: watumishi wa ofisini wenye vitambi, kina mama wa kwaya waliovaa sare ya kitenge juu ya suruali za mazoezi, mwalimu mmoja wa michezo anapuliza filimbi utadhani sisi ni wanafunzi wake. Tabu ilikuja wanafunzi wa sekondari walipochelewa kuanza wakatukuta kwa nyuma. Watoto wa kwetu wana adabu, na adabu ile karibu iniue. Kila anayenipita, "Shikamoo babu!" nami lazima niitikie, "Marahaba!" Mwingine, "Shikamoo babu!" "Marahaba!" Pumzi ninayo kidogo, yote inaishia kwenye marahaba. Kuna binti mmoja alipunguza mwendo kabisa, akakunja goti huku anakimbia, akasema, "Shikamoo babu, za nyumbani?" nikamwonyesha mkono tu kwamba nzuri, nzuri, endelea mwanangu.

Bahati yangu ni kwamba marahaba ni neno lisilohitaji meno ya mbele. Lijaribuni. Linatoka vizuri tu. Ila pale kwenye meza ya maji nilisahau nikasema "Ahante," yule dada akaniangalia kwa huruma akaniongezea kikombe cha pili, na mnajua Newala na shida yake ya maji, kikombe cha pili cha maji si kitu cha kupewa hivi hivi.

Nikaendelea. Wale wa mbele wakaanza kurudi, upande wa pili wa barabara, wanatoka kwenye ukungu mmoja mmoja kama mizimu yenye raba, tunawapigia makofi. Nikasema pipa haliko mbali. Na kwa furaha tu, bila sababu, nikapapasa mfuko.

Mfuko mtupu.

Nikapapasa wa pili. Nikapapasa tumbo, kana kwamba meno yanaweza kuhamia huko. Kichwani nikamwona Mama Konso amesimama pale mwisho, nikamwona kaka yake na koti lake, nikajiona mwenyewe nafika na pengo la kupitisha lori. Sikufikiri mara mbili. Nikageuka, nikaanza kukimbia kurudi nilikotoka, macho chini.

Sasa mjiweke nyuma yangu. Wewe ni mtumishi una kitambi chako, umechoka, ukungu mzito huoni mbele, watu wa kasi wanarudi upande wa pili, ghafla unamwona mzee mwenye namba kifuani anageuka kwa uhakika kabisa anaelekea mjini. Utajua nini? Utajua ndipo pa kugeuzia! Wa kwanza akageuka. Kina mama wa kwaya wakageuka. Mwalimu wa michezo akapuliza filimbi, akageuka. Nilipoinua kichwa nikakuta nyuma yangu kuna umati mzima, wanahema, wanashangilia kwamba kumbe njia yenyewe fupi hivi.

Mimi naenda nainama, natazama mchanga, natazama pembeni kwenye majani. Nao wakaanza kupunguza mwendo. Mama mmoja wa kwaya, mnene mcheshi, akanikaribia akauliza, "Babu, mbona unainama? Tunatafuta nini?"

Hapo ndipo ningeweza kumaliza yote. Neno moja tu, la kweli, tungecheka, tungetafuta, basi. Lakini nilimwona Mama Konso tena kichwani. Nikafunga mdomo nusu, nikasema, "Uhunguo."

"Nini?"

"Uhunguo. Wa gari."

"Ufunguo wa gari la babu umeanguka!" akapaza sauti. "Jamani tumsaidie babu!"

Na wakasaidia! Watu wazima na heshima zao, watu waliotoa pesa zao kuchangia maji ya watoto, wakainama kwenye barabara ya Newala wakaanza kuchakura majani. Mmoja ananiuliza kama huo ufunguo una kishikio, mwingine ananiuliza ni gari aina gani, na mimi najibu "Haloon" nikimaanisha saluni, maana uongo ukishaanza unadai kulishwa. Kijana mmoja wa pikipiki, wale wasimamizi wa njia wenye vizibao vya kung'aa, akasimama akauliza kwa nini watu wamerudi bila kufika kwenye pipa, akaambiwa babu amepoteza ufunguo wa gari. Akapiga simu uwanjani hapo hapo. Muda si mrefu gari la matangazo lililokuwa linatufuata kwa nyuma likaanza, "Tangazo, tangazo! Mwenye kuokota ufunguo wa gari dogo, mali ya mkimbiaji mzee, tafadhali aukabidhi..."

Nikatamani ardhi ipasuke. Sijawahi kumiliki hata baiskeli yenye kengele.

Mbele kidogo tukakuta kundi la wakazi wa pale wamesimama kando ya barabara wamefanya duara, hakuna anayesogea. Mama muuza ming'oko, vile viazi vya porini vya kwetu, ameacha sinia lake, watu wanatazama chini. Nikasogea. Katikati ya duara, kwenye mchanga, ilikuwa leso yangu, imefunguka, na meno yangu manne yanacheka na mbingu.

"Nsiguse!" bibi mmoja mzee alikuwa anaonya, ameshika fimbo, Kimakonde kimekijaa Kiswahili chake. "Hii dawa hii! Ntu kaitega njiani kuharibu mbio za watoto. Angalia, meno ya ntu!"

"Yamechomoka kwenye mdomo wa nani?" mwingine akauliza kwa woga.

"Yachomwe," bibi akaamua. "Yachomwe hapa hapa, jivu litupwe bondeni."

Nikadhani ni maneno tu. Hapana, mtu alishakwenda, akarudi na chupa ya mafuta ya taa na kiberiti. Wenzangu wa mbio nao wamefika, wanachungulia mabegani, wameshasahau ufunguo, mama wa kwaya ameanza kuomba kwa sauti. Mafuta yakafunguliwa. Nami nimesimama pale, kiongozi wa msafara, naona meno yangu yanahukumiwa kwa uchawi, na bado, Mungu ananiona, bado kuna sehemu ndani yangu ilikuwa inasema nyamaza, yaache yaungue, utasema unaumwa jino.

Halafu nikawatazama wale watu. Magoti yao yote yalikuwa na vumbi jekundu. Walikuwa wameyapiga chini kwa ajili ya ufunguo ambao haupo. Yule mtumishi mwenye kitambi alikuwa amejichana mkono kwenye miiba, anaufuta na fulana, na aliponiona namtazama akaniambia, "Usijali babu, tutaupata tu."

Hilo ndilo lililonishinda. Nikaruka katikati ya duara.

"Mhichome!" nikapiga kelele. "Ni meno yangu!"

Na ajabu ni kwamba hayo maneno matatu ya mwisho yalitoka safi kuliko yote niliyosema asubuhi ile. Nikafungua mdomo nikawaonyesha pengo, ili bibi aridhike. "Hakuna uhunguo," nikawaambia wenzangu. "Hina gari. Nihameheni."

Kabla mtu hajajibu, gari la matangazo likatufikia, na spika zake mbili zikapiga kwa nguvu bonde zima:

"Samahani wananchi, marekebisho ya tangazo! Tumepata taarifa kamili kutoka kwa rafiki wa mhusika pale uwanjani. Kilichopotea si ufunguo. Narudia, si ufunguo. Ni meno! Meno ya bandia, ya juu, ya mbele, manne, yamo kwenye leso!"

(Baadaye nilielezwa ilivyokuwa. Uwanjani mshereheshaji alisoma lile tangazo la ufunguo, Saidi akashtuka, akasema, "Gari gani? Huyu hana gari! Huyu amepoteza yale meno aliyotia mfukoni!" na kwa vile alikuwa amesimama karibu na maiki, na sauti mnaijua, hakukuwa na haja ya kurudia. Mtu mwema. Alikuwa ananisaidia.)

Nani alianza kucheka sijui. Nadhani ni bibi wa fimbo. Alicheka mpaka akaikalia ardhi, anasema "Nnungu wangu, Nnungu wangu," anapangusa machozi kwa ncha ya kanga. Kisha wote. Muuza ming'oko, mwenye mafuta ya taa, kwaya nzima. Mimi nimesimama, nikajaribu kukasirika, nikashindwa, nikacheka na pengo langu mpaka mbavu zikauma. Dada mmoja akaleta kikombe cha maji, nikayasuuza meno, nikayavaa, watu wakapiga makofi kama nimekata utepe.

Kijana wa pikipiki akasema kwa kuwa imekuwa mkanganyiko, tuelekee uwanjani tu, tutahesabiwa tumemaliza. Nikamshukuru. Lakini miguu ilikataa. Nikasema, "Nyinyi nendeni. Mimi pipa sijaliona, na nilishadanganya vya kutosha kwa asubuhi moja." Nikageuka tena, kuelekea kwenye pipa. Nikasikia nyuma yangu filimbi ya mwalimu wa michezo, halafu sauti ya mama wa kwaya: "Mnasimama nini? Tumeshainama, sasa tukimbie!" Wakaja wote. Tukalizunguka lile pipa huku tunaliimbia.

Tulifika uwanjani zawadi zimeshagawiwa na mgeni rasmi ameshaondoka, lakini watu walikuwepo, hakuna aliyekubali kuondoka bila kumwona mwenye meno. Saidi alikuwa mbele, ananipungia koti, anapiga kelele, "Umeyapata? Umeyapata?" Nikamwonyesha. Uwanja mzima ukashangilia.

Mama Konso alikuwa amesimama pembeni na kaka yake. Hakuwa anacheka. Nikamwendea, jasho linanitoka, na sikuwa na tabasamu la kupanga tena.

"Baba Tekla," akasema, "gari lako liko wapi?"

"Sina gari."

"Asubuhi ulikuwa nalo."

"Nilikuwa nalo kwa muda mfupi tu."

Akanikazia macho. "Watu wanazeeka, wanapoteza meno, wanapoteza nywele, mimi mwenyewe goti hili likibadilika hali ya hewa natembea kama bata. Hayo siyahesabu. Ila kabla sijafungua mgahawa wangu nilishakaa na mwanaume wa magari ya mdomoni, na sitaki mwingine." Kisha akasema kitu ambacho sikukitegemea: "Yavue nione."

"Hapa?"

"Mji mzima umeshaona. Nimebaki mimi."

Nikamtazama kaka yake. Kaka akatazama pembeni kwa heshima. Nikayavua. Nimesimama mbele ya mwanamke ninayetaka kumwoa, mchana kweupe, mkononi meno, mdomoni hamna kitu, na sijui niweke wapi uso. Akaangalia, taratibu, kama anavyoangalia samaki sokoni kabla ya kununua.

"Haya vaa," akasema. "Lile neno zito utalisema ukishaoga. Kaka, twende tukanywe chai."

Jioni nilikwenda nimeoga. Nikalisema neno, mbele ya kaka yake, kwa meno yote na bila kuongeza kitu. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho, akakoroga chai yake, halafu akaniuliza swali moja tu. "Wale waliokuwa wanakutafutia ufunguo. Ukweli uliwaambia wewe, au waliusikia kwenye spika?"

"Niliwaambia mimi, Mwalimu. Ila kabla kidogo tu ya spika. Kidogo sana."

Akafikiri. Akanywa chai. "Kidogo inatosha," akasema, na Mama Konso akanyanyuka kwenda kuongeza mihogo, nami nikajua nimekubaliwa kabla hajaniambia.

Tumeoana, na bado nakimbia. Meno sasa nimeyapeleka yakabanwa vizuri, hayatoki hata nikipiga chafya. Lakini hayo si kitu. Jambo linaloniamsha mpaka leo si spika, wala pengo, wala kicheko cha uwanja mzima. Ni yule bwana mwenye kitambi aliyejichana mkono kwa ajili yangu na bado ananipa moyo kwamba tutaupata. Nimeapa, na mke wangu ni shahidi, kwamba mtu akiinama chini kunisaidia kutafuta, kwanza nitamwambia tunatafuta nini, hata kama ni kitu cha kunivua nguo. Mgongo wa mtu mzima unauma ukiinama. Sitauinamisha tena wa mtu yeyote bure.